Neno Lisilotamkwa Kwenye Uwanja wa Nyuma

Nakumbuka, mwanangu, alasiri ile niliyomwita baba mkwe wangu kwa jina lake mbele ya kijiji kizima cha Kumsenga, tena kwa kelele, tena nikamwambia afanye haraka. Niliita mara ngapi, sijui. Mume wangu Gervas anasema mara nne. Mama mkwe alishikilia mpaka mwisho wa uhai wake kwamba niliita mara moja tu, ila ndefu. Mimi nilikuwa nakimbia, sikuhesabu, kwa hiyo siwezi kumbishia yeyote kati yao.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba sina hakika kama mimi ndiye wa kutoa nasaha. Shule niliishia kidato cha pili. Mvi nimeanza kuziona juzi juzi tu, na ninyi vijana mnaokuja kucheza hapa nyuma mmeanza kuniita bibi, jambo ambalo sikuliomba. Lakini naona wengi wenu mmekaribia kuoa na kuolewa. Na kila mnaponiuliza kwa nini kwenye uwanja huu tunasema "zana" wakati viwanja vyote vingine wanasema neno jingine, najibu kuwa ni habari ndefu, naingia jikoni. Leo muhogo umeshamenywa, jikoni sina kisingizio. Nitaandika.

Nilizaliwa Kasulu, kwa wazazi waliotoka Burundi. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Hataji jina, wala neno linalofanana na jina. Nyumba nyingine siku hizi wamelegeza, na siwasemi vibaya, lakini mama yangu hakulegeza kitu. Siku ya kuniaga alinishika mkono akaniambia, "Devota, unaenda kwa watu wenye kwao. Ukikosea, hawatasema Devota kakosea. Watasema wakimbizi hawana adabu." Uraia tulikuwa tumeshapata, ila mama hakuamini kama karatasi inaweza kumzuia jirani kusema. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa.

Shida ni kwamba mzee wa nyumba niliyoolewa alizaliwa wakati wa Pasaka, akabatizwa Paskali, na wazee wenzake wakamfupisha wakamwita Pasi.

Hebu fikiria, mwanangu. Pasi ya kunyooshea nguo niliiita "kile chuma cha makaa". Pasaka niliiita "sikukuu ya Bwana kufufuka", na nikiwa na haraka, "ile sikukuu ya kuku". Kanisani neno likija ndani ya wimbo nilifumba mdomo, likipita naufungua, mpaka mwalimu wa kwaya akanisogeza mstari wa nyuma akidhani sijui maneno. Sikuweza kumweleza, maana kumweleza kungetaka nilitaje.

Na kwa kuwa niliuogopa ulimi wangu mwenyewe, nikaona usalama zaidi ni kutosema na mzee kabisa. Chakula kikiiva, naweka sahani kwenye kigoda karibu yake, nakohoa, naondoka. Mvua ikitaka kunyesha naye kasinzia kibarazani, nasimama mbali, nakohoa. Nilidhani hiyo ndiyo adabu ya juu kabisa. Sikuona mke mwingine pale mtaani anayekohoa vizuri kama mimi.

Sasa uwanja. Gervas aliniona Kasulu, nikicheza mpira wa kikapu na wasichana wa shule. Nisijisifu, sikuwa hodari. Nilikuwa mfupi na mitupo yangu mingi iligonga chuma ikarudi, ila nilikuwa sichoki, na mwalimu alipenda mtu asiyechoka. Gervas, ambaye ni seremala, aliniahidi kwamba nikikubali kwenda naye Kumsenga atanijengea uwanja wangu nyuma ya nyumba. Wanaume huahidi mengi wakati wa kuchumbia, na mimi nilikuwa nimeshaisamehe ahadi hiyo kabla hata ya harusi. Lakini mwaka uliofuata migomba ya nyuma ya nyumba ikapigwa na mnyauko, ikafa yote, tukabaki na eneo wazi lenye visiki vinavyonuka. Gervas akalitazama eneo lile, akanitazama mimi, akaenda kwa baba yake.

Mzee alikuwa na mpango wake. Kando ya ukuta alishapanga miche ya kahawa kwenye makopo, inasubiri mvua. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Hicho kikapu chenu kina kitako?"

Gervas akasema hakina, mpira unapita.

"Basi mnavuna nini?"

Gervas akatazama ile miche kwenye makopo. Na mimi niliyekuwa nyuma ya mlango wa jiko, kusema haki, wakati ule jibu sikulijua. Mzee akasema, "Chezeni. Lakini siku nitakapoona heshima imepungua katika mji huu, napanda kahawa yangu." Mji, kwa huku kwetu, ni nyumba ya mtu na wote waliomo. Nami nilijua mdomo ambao heshima ingeweza kuvujia ni upi.

Tulijenga mwanzoni mwa kiangazi. Visiki tuling'oa kwa sururu. Kumsenga ni vilima, hakuna mahali ambapo ukiweka yai litatulia, kwa hiyo tulichimba upande wa juu tukajaza upande wa chini. Kisha tukasomba udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji, tukaushindilia kwa magogo mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Gervas aliweka pimamaji yake akasema uwanja umelala sawa. Mimi niliweka mpira katikati, ukaondoka wenyewe, taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda, ukatoka uwanjani, ukashuka, ukatumbukia kwenye shimo la maji ambamo mama mkwe alikuwa akiloweka muhogo. Gervas alisema pimamaji haikosei. Mimi nilikuwa naosha mpira. Kama umewahi kunusa muhogo uliolowekwa ukaiva, unajua mpira ule ulinuka vipi mpaka ulipochakaa.

Nguzo zilikuwa milingoti ya mkaratusi. Chuma cha ringi alikichomelea fundi wa Kibondo mjini kwa nondo. Ubao ulikuwa mlango wa nyumba ya zamani ya mzee, pamoja na komeo lake, kwa sababu Gervas alisema komeo bado zima na ni dhambi kuling'oa. Mpira ukigonga komeo ulikwenda popote ulikotaka wenyewe. Mistari tulichora kwa majivu. Wavu niliusuka mimi kwa katani, na ulikuwa mbaya.

Siku tulipomaliza, mama mkwe alitoka nyuma, akatazama ule udongo laini, mkavu, usio na jani, akasema Mungu amejibu. Akarudi ndani akaleta maharage yake, akayaanika uwanja mzima. Tulizungumza naye kwa upole, Gervas na mimi, tukafika mahali pa kuelewana: wakati wa mavuno maharage mpaka mchana, mpira baadaye. Alilishika neno lake kuliko sisi. Mara nyingi ni sisi tulioacha maharage machache nyuma tukaja kuyatelezea.

Wasichana wa jirani wakaanza kuja, mmoja mmoja, kisha wengi. Niliwafundisha kudunda, kuruka, kuziba. Tulipofika kwenye kutoleana mpira nikakwama, maana hakuna mchezo wa kikapu bila lile neno, na wachezaji hulipiga kelele kutwa. Baba mkwe alikuwa kibarazani, ukuta mmoja tu kati yetu. Nikawaambia wasichana kwamba hapa kwetu anayetaka mpira atasema "zana". Kwa Kiswahili zana ni jembe na nyundo, lakini kwa Kiha na kwa Kirundi vilevile ni kusema lete. Walicheka, wakazoea. Editha, msichana mrefu kuliko wote, ndiye aliyekuwa na sauti. "Zana! Zana!" ilisikika mpaka barabarani, na mimi nikajipongeza moyoni kwa akili yangu. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Mwisho wa kiangazi timu ya wasichana kutoka Kibondo mjini ikaomba kuja kucheza nasi, Jumapili baada ya ibada. Watu walijaa. Mzee aliwekewa kiti mbele kabisa, kama mgeni rasmi, amevaa koti lake la harusini kwetu. Wageni hawakujua lolote kuhusu mji wetu. Mpira ukaanza, na msichana wao wa kwanza akanyoosha mikono akapiga kelele, "Pasi!"

Mzee akaitika, "Naam!"

Masikio yake yalikuwa hayako vizuri sana wakati huo, nasema hivi kumtetea. Msichana mwingine akaita, "Pasi, huku!" Mzee akanyanyuka, akabeba kiti chake, akahamia huku. Wa tatu, upande wa pili, akaita, "Pasi, chini, chini!" Mzee akatazama chini, akatazama tena, akakaa polepole. Watu wa Kumsenga walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yakitetemeka. Gervas akamwendea akamnong'oneza jambo, mzee akatikisa kichwa, akakunja mikono kwenye fimbo yake. Niliuona uso wake ukiwa hauna kicheko, nami nikajiambia kwamba miche ile ya kahawa inanusa mvua.

Tungeweza kumaliza salama. Lakini mmoja wa wasichana wetu aliteguka mguu, na hatukuwa na mwingine, nikafunga kitenge juu ya suruali ya Gervas nikaingia. Nisidanganye, nilifurahi. Mwili ukakumbuka Kasulu. Mchezo ulikaribia kwisha, tuko sawasawa, na ghafla nikajikuta chini ya ringi peke yangu, hakuna anayenikaba, mpira uko mikononi mwa Editha naye kaukumbatia kama kichanga. Nikanyoosha mikono, na ulimi wa Kasulu ukatoka.

"Pasi! Pasi! Wewe Pasi, fanya haraka, umelala?"

Editha ni mtoto wa Kumsenga. Alijua alichokisikia. Aliuachia mpira kama umemuunguza. Mpira ukadunda, ukatulia, ukachagua njia yake ya siku zote, ukatoka mbele ya watu wote walionyamaza, na sote tukausikia ulivyotumbukia kwenye shimo la muhogo. Mama mkwe alikuwa ameshika upindo wa kitenge mdomoni. Wageni walikuwa wakiulizana ni kosa gani la kanuni limetokea. Nasikia tulifungwa baadaye, mimi sikuwepo; nilikuwa jikoni, nyuma ya mtungi.

Jioni ile aliyesema ni mama mkwe, naye hakusema kwa ukali: kwamba desturi ni desturi, kesho nirudi Kasulu kwa mama yangu nikafundishwe upya, na nitakaporudi nije na kuku na mtungi wa pombe ya ndizi. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Gervas alijaribu kunitetea kwamba nilikuwa namwambia Editha. Ni kweli, lakini sikio la mji halikusikia Editha. Nilifunga nguo zangu huku nikimwona mama yangu amesimama mlangoni Kasulu, ananiona nakuja na mzigo kichwani kabla hajaambiwa chochote.

Asubuhi nikaamshwa na jembe. Lilikuwa linalima nyuma ya nyumba. Nilichungulia, nikamwona mzee na makopo yake ya kahawa yamepangwa uwanjani. Nikasema basi, uwanja umekwisha na mimi nimekwisha. Lakini nikaona vibaya kuondoka bila kuomba radhi, hata kama ningeomba bila kuangalia usoni. Nikaenda, nikapiga magoti pembeni, nikakohoa.

Akasema bila kugeuka, "Kikohozi hicho nakijua."

Nikainamisha kichwa. Akaendelea kuchimba kidogo, kisha akaegemea jembe.

"Tangu uje hapa, Mukazana, hujaniita hata siku moja." Mukazana ndivyo tunavyomwita mke wa mtoto, na ndivyo alivyoniita mimi siku zote. "Chakula, unakohoa. Mvua, unakohoa. Nilimuuliza mama yenu kama wamekupima kifua."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikabaki nimeinama.

"Hawa wasichana nao wanapiga kelele kutwa, zana, zana. Nikadhani wanakuita wewe, wamekufupisha. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana bahati, anaitwa mchana kutwa. Mimi waliokuwa wakiniita wengi wameshatangulia. Jana wakaja wageni, wakaniita. Nikaitika."

Nikajikaza, nikamwambia, kwa sauti ndogo na kwa kuzunguka sana, kwamba lile neno kwenye mchezo ni kutoa mpira.

"Najua. Gervas aliniambia nilipohamisha kiti. Lakini mtu ukiitwa unakaaje kimya?" Akafuta jasho. "Halafu na wewe ukaniita. Hilo la kusema nifanye haraka ndilo kosa. Magoti haya hayana haraka."

Nikamwomba msamaha. Akainua mkono.

"Jina langu usilitaje. Mama yako alikufundisha vizuri, na atalisikia hilo kutoka kwangu. Ila umelilinda jina, mwenye jina umemwacha nje. Ukikatazwa moja, tafuta jingine uniite. Usinikoholee."

"Nikuite nani, baba?"

Akanitazama, mwanangu, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nami kumtazama. Akasema, "Si umeshaniita?" Akarudi kwenye jembe lake.

Hapo ndipo nilipotazama vizuri mashimo yake. Hayakuwa katikati ya uwanja. Yalikuwa yamepangwa mstari mmoja ukingoni, upande wa chini, kati ya uwanja na shimo la muhogo. Aliona ninatazama. Akasema, "Nilisema siku heshima ikipungua napanda kahawa. Basi napanda. Sikusema napanda wapi."

Kasulu sikurudi. Mama mkwe aliukubali uamuzi wa mume wake isipokuwa kwa upande wa kuku, na ilikuwa haki yake. Kaka yangu akamleta kutoka Kasulu, na mzee, ambaye sasa nilimwita baba, akasema kwa adabu kwamba kuku yule ni wa rika lake. Baadaye Gervas alimnunulia baba filimbi akawa refa wetu. Kanuni hakuzijua. Alimpulizia kila aliyepita mbele yake bila kumsalimu, wenyeji na wageni, na faulo zake hazikuwahi kukatiwa rufaa. Nami nilimwita kutwa. Baba, chakula. Baba, mvua hiyo. Baba, ile ilikuwa faulo kweli? Nyakati nyingine nilimwita bila shida yoyote, akaitika, tukakosa la kusema, ikawa sawa tu.

Ile kahawa bado ipo. Matawi ya upande wa uwanjani yamekonda kwa kupigwa mipira, lakini inazaa. Nafikiri sasa ningeweza kumjibu lile swali la tunavuna nini, ila yeye aliwahi kuondoka duniani, au nimechelewa mimi.

Nasaha yenyewe, kama ninayo, ni hii. Sikwambii utupe desturi za waliokutangulia, na sikwambii uzishike zote. Nyumba utakayoingia itakuonyesha. Ninachokwambia ni kwamba unaweza kumheshimu mtu kwa namna ambayo yeye anaiona kama kumkimbia. Mimi nilijihesabia adabu, kumbe baba wa watu alikuwa anahesabu kimya. Ukimwogopa mkweo, au mwalimu wako, au mzazi wako, mpaka ukashindwa kusema naye, usijiambie hiyo ni heshima imekamilika. Ukikatazwa neno moja kwake, mpe mengine mengi. Mwite ale, mwite aone mvua inavyokuja, muulize kahawa yake imefikia wapi. Na ukijenga uwanja, tazama kwanza maji yanaelekea wapi, usiamini pimamaji ya mtu anayekupenda.

Jina lake nimeliandika humu, unaona. Nimesita sana. Naamini kuandika si kutamka, ingawa sina wa kumuuliza. Wewe hukuolewa na mwanawe, hukatazwi. Basi ukiwasomea wenzako, ukifika hapo, litamke wewe, kwa sauti, nami nikiwa jikoni nitalisikia.

Mungu akupe mji wenye watu wa kukuita, mwanangu, akuachie masikio mpaka uzeeni. Na siku wakiita, hata kama ni mwingine wanayemtaka, awepo mtu wa kukuambia kwamba hukukosea kuitika.